Kuunda Kikuza Sauti cha Gitaa kwa Mikono Yetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kenyamonta



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya kazi ambayo wengine wameiona kuwa mchezo wa vijana, nayo ni kuunda kikuza sauti cha gitaa chenye valvu, kutoka katika vipande vilivyofungwa ndani ya sanduku moja. Sisi watatu tuliotumwa na halmashauri twaleta taarifa yake. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kuonyesha neno moja tu: ya kwamba kazi hii haihitaji mkono wa ajabu, bali yahitaji mwenendo ule ule wa karani mwema, yaani kuhesabu, kuandika, kuhakiki, na kutofanya haraka. Na yeye auachaye mwenendo huo katika kazi hii hapati barua ya karipio; aweza kupoteza roho yake.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini chama kishughulike na jambo hili. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipoanzisha bendi yake ya NUTA Jazz mwaka 1964, wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Bendi nyingi za nchi yetu zililelewa hivyo, na vyama, na idara, na majeshi. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa maana mpigaji asiye na fedha hupata chombo. Lakini una hasara yake pia: chombo cha wote hupigwa na wote, nacho kikiharibika hakina wa kukitengeneza. Huwekwa stoo, hufunikwa gunia, na panya hufanya makao ndani yake. Kwetu Kenyamonta chombo kikinyamaza hupelekwa Mugumu, au Tarime, au Musoma, nacho hurudi baada ya miezi, au hakirudi. Ndiyo sababu tulishauriana: je, hatuwezi kukijua chombo chetu kwa ndani?

Sasa natuseme valvu ni kitu gani, maana wazee wetu waliiona ndani ya redio zao, lakini vijana wengi hawajapata kuiona. Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna utambi uwakao kama utambi wa taa, nao hupasha moto kibomba kidogo cha madini kiitwacho kathodi. Kathodi ikishapata moto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, nazo huvutwa na bamba la madini lililoizunguka, kwa kuwa bamba hilo limepewa umeme mkali wa upande wa chanya. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu yenye sehemu hizo mbili mwaka 1904. Kazi yake ilikuwa kuupitisha umeme upande mmoja bila kuurudisha. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitia sehemu ya tatu kati ya kathodi na bamba, nayo ndiyo iitwayo wavu. Hapo ndipo ulipoanza ukuzaji wa sauti.

Sisi wa nchi ya Mara twaweza kuufahamu wavu huo kwa mfano wa zizi. Asubuhi ng'ombe mia husongamana mlangoni wakitaka kwenda malishoni, na mtoto mmoja husimama mlangoni na fimbo. Akiinyosha fimbo, hupita wachache, akiiondoa, hufurika. Nguvu ya kwenda si ya mtoto, ni ya ng'ombe wenyewe. Lakini mwendo wao wafuata mkono wa mtoto. Basi umeme mdogo utokao katika gitaa ndio mtoto mwenye fimbo, na umeme mkali wa transfoma ndio kundi. Sauti kubwa isikiwayo katika spika si sauti ya gitaa iliyonenepa. Ni umeme mkubwa uliotii amri ya umeme mdogo.

Mwaka 1947 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walitengeneza transista, nayo ni ndogo, haina kioo cha kuvunjika, wala haihitaji utambi. Kwa hiyo redio ziliziacha valvu. Lakini wapiga gitaa hawakuziacha, nao wana sababu. Valvu ikizidiwa haiikati sauti ghafula kama kwa panga. Huikunja polepole, na katika kuikunja huitia ukali mtamu ambao mpigaji huutawala kwa kidole chake.

Katika masanduku yauzwayo kwa wajifunzaji, yaliyo mengi hufuata mchoro mmoja wa miaka ya 1950, uitwao 5F1, wa kikuza sauti kidogo kiitwacho Champ kilichotengenezwa na kiwanda cha Leo Fender huko California. Makarani wenzetu, jina hilo lisikieni vema. Fender, aliyezaliwa mwaka 1909, hakuwa mpiga gitaa, wala hakupata kujifunza kulipiga. Alisomea uhasibu, akawa mtunza hesabu katika idara ya barabara ya California; kazi ilipokwisha wakati wa shida ya uchumi, alikopa dola 600, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Mtu aliyezoea daftari la mapato na matumizi ndiye aliyechora vyombo vipigwavyo leo duniani kote. Nasi tulipousoma mchoro wake tuliona mkono wa karani: hauna waya hata mmoja usio na kazi.

Chombo hiki kina valvu tatu. Ya kwanza ni 12AX7, ambayo kwa hakika ni valvu mbili ndani ya chupa moja. Huipokea sauti ya gitaa na kuikuza mara mbili mfululizo. Ya pili ni 6V6, nayo ndiyo yenye misuli, isukumayo spika. Ya tatu ni 5Y3, mjukuu wa valvu ya Fleming, igeuzayo umeme uendao na kurudi uwe umeme wa mwendo mmoja. Ziko transfoma mbili, moja ya umeme na moja ya spika. Ziko rezista kumi na kadhaa, ambazo kazi yake ni kuupunguza mwendo wa umeme. Na ziko kapasita, ambazo huuweka umeme akiba kama vile mtungi uwekavyo maji. Nguvu yake yote ni wati tano hivi. Msicheke: wati tano za valvu karibu na spika nzuri zatosha chumba cha mkutano kama hiki, na jirani atajua kwamba tupo.

Sasa tutaje kazi yenyewe kwa taratibu yake.

Kwanza, kuhesabu. Tulivitandika vipande vyote juu ya kitambaa cheupe, mmoja akasoma orodha, wa pili akakishika kipande, wa tatu akatia alama. Rezista hazikuandikwa tarakimu, bali zimepigwa mistari ya rangi, na kila rangi ina hesabu yake: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, rangi ya chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Katika rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu wataja idadi ya sifuri, na wa nne wataja usahihi wake. Kwa hiyo kahawia, nyeusi, manjano ni 1, 0, na sifuri nne, yaani omu 100,000. Na manjano, zambarau, kahawia ni omu 470. Ziko nyingine zenye mistari mitano, nazo zina tarakimu tatu kabla ya sifuri. Hata hivyo hatukuyaamini macho yetu usiku. Kila rezista ilipimwa kwa mita na hesabu yake kuandikwa.

Pili, kufunga vilivyo vizito. Soketi za valvu, transfoma, tundu la gitaa na kitufe cha sauti hufungwa katika kasha la chuma kabla ya waya wowote kulehemiwa. Skurubu iliyolegea leo ndiyo itakayonguruma kesho katikati ya wimbo.

Tatu, kupanga ubao. Rezista haina kichwa wala mkia, hata ukiigeuza ni ile ile. Lakini kapasita za akiba kubwa zina upande wa chanya na upande wa hasi, nazo zikigeuzwa huvimba na huweza kupasuka. Kila moja yapasa ihakikiwe na mtu wa pili asiyeitia.

Nne, kulehemu. Neno la kushika ni hili: pasha moto maungio, usipashe moto risasi. Chuma cha kulehemu hugusa waya na kikonyo pamoja. Vikishapata moto, risasi hugusishwa hapo, nayo hutambaa yenyewe kama mafuta kwenye karatasi. Iliyodondoshwa juu ya waya wa baridi hukaa kama tone la nta. Kwa macho imeshika, kwa umeme haijashika. Madirisha yawe wazi kwa ajili ya moshi, na mikono ioshwe kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Tano, nyaya za utambi. Hizi huchukua volti 6.3 tu, lakini umeme wake waenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na zikikaribia waya wa sauti hutia mngurumo. Kwa hiyo husokotwa mbili pamoja kama kamba, na hupitishwa pembeni mwa kasha. Aliyetusaidia kuzisokota ni kijana aliyezoea kusokota kamba za katani, naye alizisokota vizuri kuliko sisi sote.

Sita, transfoma ya umeme. Hapa, waungwana, ndipo mahali pa kuangalia mno. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 230. Transfoma za masanduku mengi zina nyaya za kuchagua kati ya mbili hizo. Mwenye kuunga waya wa 120 katika umeme wetu atavipa vipande vyote karibu mara mbili ya haki yake, na atakachokisikia si muziki. Waya usiotumika usikatwe na kuachwa uchi. Kila mmoja ufungwe peke yake, usiguse mwenziwe wala kasha.

Saba, waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano. Huu hufungwa katika kasha kwa skurubu yake pekee, nao huachwa mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, uwe wa mwisho kung'oka. Katika nyumba nyingi tumeona plagi za tundu tatu ambazo tundu la ardhi halina kitu nyuma yake. Wengine hukata mguu wa ardhi kwa makusudi ili mngurumo upungue. Watu hao twawaambia habari ya Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows. Mwezi wa Mei mwaka 1972, katika mji wa Swansea huko Wales, alishika kipaza sauti akiwa na gitaa mkononi, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Vyombo havikuungwa na ardhi ipasavyo. Umeme ukapita mwilini mwake, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 27. Waya uliokosekana ni waya wa bei ndogo kuliko nyaya zote.

Nane, hakiki ya mwisho. Mchoro ulinakiliwa katika karatasi safi, na yule ambaye hakulehemu aliufuata waya kwa waya na kalamu nyekundu. Alipouona waya katika kasha aliupiga mstari katika karatasi. Kazi ilichukua saa mbili, nayo ndiyo tuionayo kuwa bora katika kazi zote tulizofanya, maana macho ya mtu huona alichokusudia kufanya, si alichokifanya.

Ndipo umeme ukawashwa. Lakini haukuwashwa moja kwa moja. Tuliunga taa ya kizamani yenye utambi, ya wati 60, katika njia ya waya, ili umeme upitie humo kwanza. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, nyaya zimegusana mahali, nawe wazima upesi hali chombo kimenusurika. Ikiwaka kidogo na kufifia, mambo ni shwari. Taa za siku hizi za LED hazifai kwa kazi hii. Kwanza tuliwasha bila valvu, tukapima volti za utambi. Kisha tukazima, tukatia valvu na spika. Chombo cha valvu kisiwashwe kamwe pasipo spika, kwa sababu transfoma yake huweza kuungua. Kikishawashwa kikalia kama filimbi hata kabla gitaa halijaguswa, huenda nyaya mbili za transfoma ya spika zimepishana. Hubadilishwa, kelele ikanyamaza. Chetu kilinguruma kidogo tu. Juu ya rezista ya omu 470 ya valvu ya 6V6 tulipima volti 19; gawanya 19 kwa 470, utapata miliampea 40 hivi, nayo ndiyo hesabu njema kwa valvu hiyo. Hivyo kwa kugawanya tu, kazi ya darasani, tulijua hali ya valvu pasipo kuigusa.

Bwana Mwenyekiti, tumeliweka neno zito mwisho kwa makusudi. Ndani ya kasha hili mna volti 350 hivi, nazo hazitoki zote mara chombo kinapozimwa. Kapasita hushika umeme kama mdai ashikavyo deni: duka limefungwa, taa zimezimwa, lakini deni lipo. Wahenga walisema, simba mwendapole ndiye mla nyama. Na umeme uliowekwa akiba hauna mlio, hauna harufu, wala hauna rangi. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono ndani, plagi hung'olewa ukutani. Si swichi kuzimwa tu. Kisha kapasita humwagwa umeme wake kwa rezista ya omu 100,000, ya wati tatu, iliyofungwa katika waya wenye ngozi nzuri, upande mmoja ukishikizwa kwenye kasha. Nusu dakika yatosha. Hata hapo hatuamini. Twapima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Wala kapasita zisiunganishwe kwa bisibisi, kama wafanyavyo wajuvi, kwa maana cheche yake huharibu kapasita na huweza kupofua jicho. Na ilazimupo kupima hali chombo kimewashwa, mkono mmoja hufanya kazi na wa pili hukaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Wako waliotuuliza: kwa nini taabu yote hii, hali vikuza sauti vilivyo tayari vyauzwa madukani? Swali ni la haki. Cha dukani chaweza kuwa na nguvu nyingi zaidi, na gharama yake yaweza kuwa ndogo kuliko sanduku hili na ushuru wake. Lakini cha dukani huja kimefungwa, na vipande vyake ni vidogo kama mbegu za ulezi, kikifa, hutupwa. Hiki kila kipande chake chaonekana kwa macho, chapimwa, na chabadilishwa kimoja kimoja. Hatukununua sauti tu. Tumenunua ujuzi, na ujuzi huo haupelekwi Musoma kutengenezwa.

Mzee mmoja alituuliza pia kama chombo hiki chaweza kulikuza litungu, lile la nyuzi nane la ndugu zetu Wakuria. Jibu ni ndiyo, kwa sharti moja. Kile kidude cha gitaa kinasacho sauti kina sumaku, nacho husikia nyuzi za chuma tu. Uzi wa mshipa wa mnyama au wa nailoni hakiusikii kabisa. Kwa litungu hutumika kidude cha namna nyingine, kisicho na sumaku, ambacho hubandikwa juu ya ngozi au ubao na kusikia mtetemo wake. Tulikijaribu, na wapo hapa waliosikia. Litungu ambalo katika harusi humezwa na makelele lilisikiwa hata na waliokaa nje, na bado lilikuwa litungu.

Basi twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, chombo hiki kiwe na daftari lake, lenye mchoro na vipimo vyote, na kila akifunguaye aandike siku, sababu na alichokibadili. La pili, mtu asikifungue peke yake, wala akiwa amekunywa, wala pasipo kupima kapasita, hata akiwa fundi mkuu. La tatu, vijana wawili wawe wakifundishwa kila mara, msichana na mvulana, ili siku sisi watatu tutakapohamishwa, kama ilivyo desturi ya utumishi, ujuzi usiondoke pamoja na mizigo yetu.

Daftari liko mezani, na ukurasa wa kwanza umekwisha andikwa; anayetaka kuhakiki hesabu zetu na aje, nasi tutafurahi.